Kitanda cha karavani hakikai juu: kabla hujanunua shokapu kali zaidi, pima kwanza

"Fundi habari. Tuna karavani ya kuvuta na gari, kitanda kikubwa kiko mbele na chini yake kuna stoo, unainua ubao wa kitanda kwa upande wa miguuni unasimama wenyewe kwa shokapu mbili za gesi. Mwaka huu tumebadilisha godoro, la zamani lilikuwa jembamba kama kilo 10 hivi, hili jipya ni la povu zito linakaribia kilo 25. Tangu hapo kitanda hakikai juu, na asubuhi kukiwa na baridi ndo kabisa, wiki iliyopita kilimshukia mke wangu mkononi akitoa mablanketi. Shokapu zimeandikwa 450N. Jamaa mmoja ananiambia nifunge za 1000N nimalize kazi, mwingine anasema nipake mafuta tu, mwingine anasema zinajazwa gesi upya. Skrubu za breketi moja nazo zimeanza kulegea. Nifuate lipi?"

Pole sana ndugu yangu, na zaidi pole kwa shemeji. Kabla ya yote muangalie huo mkono, kama vidole vinakufa ganzi, au uvimbe haushuki, au hawezi kukunja ngumi vizuri, apelekwe akapigwe eksirei, mambo ya kitanda yatasubiri. Na kuanzia leo mpaka umalize hii kazi, kila mkifungua hiyo stoo wekeni kipande cha mbao imara kilichokatwa kwa kipimo kisimame chini ya ubao, sio mpini wa fagio, fagio huteleza. Mtu asiingize kichwa mle ndani akitegemea shokapu peke yake, hata zikiwa mpya.

Sasa swali lako. Umeniuliza ufuate lipi kati ya matatu uliyoshauriwa, na jibu ni kwamba hakuna hata moja, ila yule wa 1000N (N ni nyutoni, kipimo cha nguvu, uzito wa kilo moja ni kama nyutoni 9.8) yuko karibu na ukweli kuliko wenzake kwa sababu ni kweli unahitaji nguvu zaidi, tatizo lake ni kwamba ameitaja namba kutoka hewani. Na ile sentensi uliyoimalizia kama kitu kidogo, ya skrubu kulegea, mimi ndo imenishtua kuliko zote. Tutaifikia.

Tuanze na hicho kidude chenyewe. Shokapu ya gesi ni ile ile inayoshikilia mlango wa nyuma wa gari ndogo ukifungua buti. Ni bomba la chuma lililozibwa, ndani kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa presha kubwa sana na oili kidogo tu, alafu kuna fimbo inayong'aa yenye pistoni yenye kitundu kidogo. Watu wengi wanadhani gesi iko upande mmoja wa pistoni inaisukuma kama pampu, sivyo, gesi iko pande zote mbili maana inapita kwenye kile kitundu, na kinachosukuma fimbo itoke nje ni kwamba upande mmoja wa pistoni sehemu ya uso wake imekaliwa na fimbo, kwa hiyo presha inapata eneo dogo upande huo kuliko upande wa pili. Kile kitundu ndo kinafanya ubao uinuke taratibu badala ya kuruka, na ile oili kazi yake ni kulainisha mpira unaozuia gesi isitoke pale fimbo inapopita, na kupunguza kishindo mwishoni mwa mwendo.

Ukishaelewa hapo, ushauri wa kupaka mafuta unakufa wenyewe. Ulainishaji unaohitajika uko ndani, ukipaka grisi kwa nje unachokusanya ni vumbi na mchanga, na ule mchanga ukivutwa kwenye mpira unaukwaruza, gesi inaanza kutoroka kimya kimya. Fimbo ifute na kitambaa kikavu basi. Tena ukikuta fimbo tayari ina utando wa oili, au mdomo wa bomba una unyevunyevu wa oili, hiyo shokapu mpira wake umechoka, hakuna maombi.

Na kujaza gesi upya? Shokapu za kawaida za kitanda zimezibwa kiwandani, hazina pa kujazia. Kuna aina yenye kivalvu kidogo mwishoni mwa bomba, lakini hicho mtumiaji hupewa cha kutolea gesi, sio kuongezea: unanunua yenye nguvu zaidi kidogo kuliko unayohitaji, unaifunga, alafu unapunguza kwa kubonyeza kidogo kidogo mpaka kitanda kikae unavyotaka. Nzuri sana kwa mtu ambaye hesabu zake zina wasiwasi, ila ukipitiliza umeshapitiliza, hairudi. Akitokea mtu anakwambia atatoboa hii uliyonayo aweke valvu ajaze, mkimbie. Presha iliyomo mle sio ya tairi.

Baridi nayo sio hisia zako. Gesi ikipoa presha inashuka, na kwa hizi shokapu ni takriban asilimia moja kwa kila nyuzi joto 3. Ile namba 450N iliyoandikwa ni nguvu iliyopimwa kwenye nyuzi 20 fimbo ikiwa nje karibu yote. Ikifika nyuzi 0 umepoteza kama asilimia 7, na mchana karavani ikiwa imeanikwa juani ndani ikafika 40 unaongezewa asilimia 7. Kwa hiyo shokapu iliyo pale pale mpakani, mchana inakuonyesha ni nzima, alfajiri inakuangusha. Ndo hiyo iliyomkuta shemeji.

Sasa kwa nini kilo 15 tu za godoro zimeharibu kila kitu, wakati 450N ni kama kilo 46, zidisha mbili ni kilo 92? Hapa ndo watu wengi wanapotea, na wauzaji wengine nao hawasaidii, wanakuuliza "kitanda kina kilo ngapi" wanagawa kwa mbili wanakupa. Shokapu haibebi kitanda kama jeki inavyobeba gari. Ubao wako unazunguka kwenye bawaba za kichwani, kwa hiyo ni mchezo wa mlango: ukisukuma mlango kwenye kitasa unafunguka kwa kidole, ukiusukuma karibu na bawaba unatoa jasho. Uzito wa godoro uko katikati ya ubao, karibu mita nzima kutoka kwenye bawaba, yaani umekaa sehemu nzuri ya kushinda. Shokapu imebanwa kule karibu na bawaba, na kinachohesabika sio hata umbali wa breketi, ni umbali mfupi kabisa kati ya bawaba na mstari wa shokapu yenyewe. Tuuite mkono. Kitanda kikiwa wazi mkono unaweza kuwa sentimita 25. Kikiwa kimelala, shokapu nayo imelala, mkono unabaki sentimita 8 au hata pungufu. Ndo maana kuanza kuinua kunakuwa kuzito alafu ukifika nusu kinapanda chenyewe.

Basi usibuni, pima. Unahitaji mizani ya kupimia uzito wa mwili, futi kamba, na uzi wenye kitu kizito mwishoni, kama una timazi vizuri, kama huna funga nati. Mtu wa pili awepo.

Egesha karavani sehemu tambarare, isawazishe, fungua kitanda, weka ile mbao ya kuegemeza, chomoa shokapu zote mbili (namna ya kuchomoa nitasema mbele). Alafu mkiwa wawili mshushe ubao taratibu na godoro na mashuka yake yote juu, ule ukingo wa miguuni uuweke juu ya mizani, ubao uwe umelala sawa, mizani ipandishe na vitabu au boksi gumu. Soma. Kwa vipimo ulivyonitajia nikikadiria ubao na matandiko kilo 20 na godoro 25, mizani itasoma kama kilo 22 na nusu, maana nusu nyingine inabebwa na bawaba. Uzuri wa hii njia ni kwamba huhitaji kujua katikati ya uzito iko wapi wala ubao una kilo ngapi, mizani imeshakufanyia.

Hatua ya pili, inua ubao mpaka pale unapotaka usimame, uegemeze na mbao, dondosha timazi kutoka kwenye ule ukingo wa miguuni, alafu pima kwa mlalo kutoka kwenye bawaba mpaka kwenye uzi. Ubao wa mita 1.9 ukifunguka pembe ya nyuzi 40 hivi, utapata kama mita 1.46.

Hatua ya tatu ubao ukiwa bado wazi, vuta uzi kutoka kichwa kimoja cha shokapu mpaka kichwa cha pili, yaani kwenye vile vigoroli vya breketi, alafu pima kutoka bawaba mpaka kwenye huo uzi kwa njia fupi kabisa, skwea inasaidia. Huo ndo mkono wako. Tuseme sentimita 25.

Hesabu sasa: 22.5 mara 9.8 ni nyutoni 220 na kidogo. Mara 1.46 unapata 322. Gawa kwa 0.25 ni kama 1290. Una shokapu mbili, kila moja 645. Ongeza kidogo kwa ajili ya baridi na kuchoka, unafika 700N. Hiyo ndo shokapu yako kwa vipimo hivi, na hata ikishuka asilimia 7 siku ya nyuzi 0 inabaki 650, bado inashika, kwa kubana lakini inashika. Rudia hiyo hesabu kwa godoro la zamani, lilipokuwa kitanda kizima kina kilo 30: unapata kama 430. Kwa hiyo 450N ilikuwa imechaguliwa vizuri tu na aliyetengeneza, hakukosea, ila hakukuachia nafasi ya kuongeza godoro. Kwa maneno mengine hata ungenunua 450N mpya kabisa leo kitanda kisingekaa juu. Wengi wanafanya hilo kosa, wananunua ile ile iliyokuwepo wakidhani ya zamani imekufa.

Kama unataka kujua kama hizo za zamani bado nzima, simamisha shokapu kwenye mizani fimbo ikiwa chini, weka kitambaa, bonyeza kutoka juu taratibu ikiwa wima kabisa mpaka fimbo ianze kuingia. 450N nzima itaanza kuingia mizani ikisoma karibu kilo 46. Ikianza kuingia kwenye 25 imeshakufa zamani. Usilazimishe ikianza kuyumba, inaweza kukurukia.

Turudi kwa jamaa wa 1000N. Atakwambia ikizidi si mbaya, itashika vizuri zaidi. Mi nilishawahi kuamini hivyo. Nilifunga za nguvu kwenye kitanda cha mtu, kilipanda kama kofia ya mchawi, tukapiga picha tukafurahi. Wiki chache mbele akanipigia, breketi ya kushoto imeng'oka na kipande cha plaiwudi saizi ya kiganja, ubao umepinda kama upinde. Kosa langu hilo, sikuliangalia upande wa pili.

Upande wa pili ni huu. Shokapu haipumziki. Kitanda kikiwa kimefungwa na nyinyi mmelala, ndo wakati fimbo imeingia ndani kabisa, gesi imebanwa zaidi, na nguvu imepanda, kawaida robo mpaka theluthi juu ya namba iliyoandikwa. Shokapu ya 1000N hapo inasukuma kama kilo 130, kila upande, usiku na mchana, barabarani kwenye matuta na mtikisiko. Na kwa sababu imelala, karibu nguvu yote hiyo haiendi kuinua kitanda, inaenda kwa urefu wa ubao, inasukuma breketi ya juu upande mmoja na ya chini upande mwingine, na bawaba nazo zinavutwa. Zote hizo zimeshikwa na vijiskrubu vifupi kwenye plaiwudi ya milimita 12 au ubao mwembamba wa fremu. Skrubu inayosukumwa hivyo haing'oki siku moja, inakula tundu kidogo kidogo, linakuwa la yai, alafu siku hiyo inatoka. Ndugu yangu, yako imeshaanza, na bado ni 450N.

Kwa hiyo hata 700N tuliyoipata usiifunge juu ya skrubu zilizopo, hiyo ikifungwa inasukuma kilo 90. Kazi ya kuimarisha ndo kazi yenyewe, kubadilisha shokapu ni dakika kumi. Ng'oa breketi, weka bolti zinazopenya upande wa pili, za M6 zinatosha kwa breketi nyingi, na nyuma yake weka kipande cha bati nene la chuma au aluminiamu la milimita 3 lenye ukubwa wa kiganja ili nguvu isambae, sio washa peke yake, washa itazama kwenye mbao. Tumia nati za kujikaza, zile zenye kiplastiki ndani, kwa sababu karavani inatikisika na nati ya kawaida itafunguka tu. Kwenye fremu ya chini kama ni mbao nyembamba, gundisha na ubane kipande cha mbao ngumu kwa ndani ndo upitishe bolti hapo. Zile tundu zilizokwisha kuliwa usizijaze na njiti za kiberiti na gundi, hiyo ya mlango wa kabati inakubali, hapa haikubali, sogeza breketi sentimita chache au pitisha bolti. Bawaba pia zikague moja moja, zinabeba mambo makubwa na hakuna anayezikumbuka, ukikuta skrubu yake inazunguka bila kukaza nayo iwekee bolti.

Ukumbuke kabla hujatoboa popote, lala chini na tochi uangalie upande wa pili kuna nini. Chini ya vitanda vya karavani ndo wanapoficha pampu ya maji, mabomba, waya, wakati mwingine betri na bomba la gesi ya kupikia. Kipande cha tepu kwenye ncha ya drili kukuonyesha kina cha kuishia kitakuokoa.

Sasa njia nyingine, maana sio lazima ununue nguvu. Ya kwanza ni kuongeza mkono badala ya nyutoni, yaani kusogeza breketi. Mkono ukitoka sentimita 25 kwenda 30, ile 645 inashuka mpaka kama 540, breketi zinapumua. Gharama yake ni kwamba shokapu itahitaji mwendo mrefu zaidi, kwa hiyo lazima ununue yenye urefu tofauti na upime upya kama itaenea kikifungwa. Tena ukishusha breketi ya chini, mkono wa kitanda kikiwa kimefungwa nao unakua, na hapo tu ndo kuanza kuinua kutakuwa kwepesi. Nakwambia hili ili usije ukalalamika: ukifunga 700N sehemu ile ile, kunyanyua mwanzo kutapungua kidogo sana, labda kutoka kilo 17 kwenda 15 pale unaposhika miguuni, kwa sababu shokapu ikiwa imelala haina mkono wa kushindana. Kitakachobadilika ni kukaa juu.

Nyingine ni kuukata ubao ufunguke nusu ya miguuni tu. Uzito unakuwa nusu na umbali nao nusu, kwa hiyo mzigo kwenye shokapu unashuka mpaka kama robo. Nimeipenda hii kwa watu wenye magodoro ya povu yanayokunjika, la springi halikunjiki usijaribu. Unapoteza kufikia vitu vya kule kichwani, na godoro linakuwa linakusukuma usoni, lakini inafanya kazi miaka.

Kuna wanaoongeza shokapu za pili ziwe nne. Inagawa nguvu kwenye breketi nyingi, hilo zuri, ila zinakula nafasi ya stoo na moja ikifa mapema huioni mpaka ubao uanze kujipinda. Kuna vile vyuma vya springi vya vitanda vya nyumbani, havijali baridi, ila ni vizito na vinabana vidole vibaya mno. Na kuna mota za umeme wa volti 12, raha kweli, mpaka siku betri imelala na nguo za mvua ziko chini ya kitanda. Sizikatai, ila kwa tatizo lako ni kumuita zimamoto kuzima mshumaa. Na kwa kweli kabisa, kama godoro la zamani bado mnalo na shida ilikuwa ugumu tu, kuliongezea tandiko jembamba la povu la kilo 5 ni rahisi kuliko yote haya. Najua shemeji hatakubali. Nimesema tu.

Ukienda kununua, chukua ya zamani mkononi. Namba tatu ndo za muhimu: urefu ikiwa imefunguka yote, kupimwa katikati ya kikombe (kile kichwa cha shokapu kinachokaa kwenye kigoroli) mpaka katikati ya kikombe, sio ncha kwa ncha, urefu ikiwa imebonyea, na nyutoni. Ikiwa imeandikwa paundi, zidisha kwa 4.45 kupata nyutoni, yaani 700N ni kama paundi 157, utakuta za 150 au 160. Hakikisha kitanda kikifungwa shokapu inabaki na angalau sentimita moja ya mwendo, ikigota kabla ubao haujakaa, ukiulalia unaigeuza kuwa jeki ya kung'oa breketi. Unene nao uangalie, nyembamba ni fimbo ya milimita 6 kwenye bomba la 15, na kwa 700N utafute fimbo ya 8 bomba la 18 au zaidi. Kigoroli kinaweza kuwa cha milimita 10 au 13, visichanganywe. Nunua jozi na ubadilishe jozi, nzima moja na mbovu moja zinausokota ubao.

Kufunga ni rahisi. Kitanda wazi, mbao imeegemezwa, kama una mtu mwingine ashike pia. Kwenye kikombe cha shokapu utaona kiklipu cha waya au bati, kinyanyue kidogo na bisibisi bapa, usikitoe chote, kikiruka utakitafuta mpaka kesho, alafu vuta kikombe kitoke kwenye kigoroli. Shokapu mpya inakuja imefunguka yote na kwa mikono huwezi kuibonyeza, kwa hiyo usihangaike, inua ubao juu kidogo kuliko kawaida mpaka vichwa vifike kwenye vigoroli, bonyeza usikie inaita kap. Bomba liwe juu kwenye ubao, fimbo chini, ili kitanda kikiwa wazi ile oili ishuke kwenye mpira. Maliza upande mmoja uende wa pili, na usijaribu kufunga kitanda ikiwa na moja. Wala usikifunge bila godoro, 700N kwenye ubao mtupu itakuinulia na hasira.

Kifunge na kukifungua mara kadhaa taratibu ukiangalia breketi, sio ukiangalia shokapu. Ukiona mbao inajikunja kwenye bolti au bawaba inanyanyuka, simama hapo hapo. Kama kinapanda vizuri lakini kinagoma kushuka mpaka ukikalie, nguvu imezidi. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya kaza nati zote tena.

Kuna hali ambazo usifanye mwenyewe. Choma kidogo na bisibisi kwenye mbao ya fremu na sakafu karibu na breketi, ikiingia laini kama mkate, maji yamekuwa yakivuja mahali na mbao imeoza, hapo hakuna bolti itakayoshika na kinachohitajika ni fundi wa karavani atafute maji yanaingilia wapi. Kama fremu ya kitanda ni chuma na imepinda au imepasuka, ichomelewe na mtu anayejua, shokapu zitolewe kabla ya moto kuwasha na betri itenganishwe. Na kama sehemu pekee ya kupitishia bolti ni ukuta wa nje au sakafu, usitoboe, utafungua njia ya maji. Bomba la gesi likiwa karibu na unapotaka kutoboa, muite fundi wa gesi, hapo hakuna kubahatisha.

Kitu kimoja cha pembeni kwa sababu stoo yenu iko mbele: kitanda kikishaanza kufunguka kirahisi watu hujaza mle chini, na uzito wote huo unaongeza kile kinachokandamiza ndoano ya gari. Uzito wa kwenye ndoano una kiwango chake, na kikomo cha ndoano yako na cha gari lako ndo mwamuzi, kiko kwenye kibandiko, kisome. Boksi la vifaa na mitungi ya maji vikae karibu na matairi, mle chini wekeni mablanketi.

Za zamani usizitoboe wala kuzitupa kwenye moto, zina presha hata kama haziinui tena, zipeleke kwa wanaopokea vyuma chakavu uwaambie ni za gesi. Ukikwama kwenye hesabu nitumie namba nne: mizani imesoma kilo ngapi na mlisoma ubao ukiwa umelala sawa au la, timazi mita ngapi, mkono sentimita ngapi, na urefu wa shokapu yako. Na picha ya ile breketi iliyolegea, kwa karibu, skrubu zikiwa zimetolewa.